Pombe ya Kumshukuru Aliyeacha Pombe

Mwanangu, kila nikisikia mtu anasema "dawa kanywa, mengine porojo," nakumbuka siku niliyovuka na kivuko kutoka Busisi, kijana wa kuzurura, nikakuta nyumbani Usagara pombe inachujwa.

"Kuna nini?"

"Tunashukuru," akajibu baba mdogo. "Kaka yako kaacha pombe."

Hata kucheka sikuweza. Kaka Masanja alikuwa ametoka hospitali mjini na vidonge vya kupunguza hamu ya pombe. Daktari alimwambia pia kila Jumamosi aende na mkewe kule mjini, mtaa wa Mirongo, wakae na mshauri pamoja na watu wengine wenye shida ileile. Mkewe naye alishasema: akirudia, anachukua watoto anarudi kwao.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Mke amevaa, anasubiri mlangoni. Mume kakaa, maana kwetu kuwaacha wageni waliokuja kwa ajili yako ni dharau.

"Kidonge nimemeza asubuhi," akasema, akipokea kibuyu. "Kule ni maneno tu, na maneno hata hapa yapo."

Kabla jua halijazama walimrudisha ndani kwa toroli. Mkewe akaanza kufunga nguo.

Shangazi alimshika mkono yule mke, akamkalisha, kisha akatugeukia.

"Nyie si wakulima? Nani kati yenu hufunga ng'ombe mmoja kwenye plau?"

Akaendelea mwenyewe:

"Atazunguka palepale. Kidonge ni ng'ombe mmoja, mwenzake mmemwacha Mirongo. Na wewe mdogo wangu, uliyepika pombe, Jumamosi ijayo utakwenda naye."

Baba mdogo alikwenda, akinung'unika njia nzima. Mke akasema atangoja wiki moja, ikaja nyingine, hakuondoka tena. Masanja aliendelea na vidonge, na kule kwenye vikao akajifunza neno lililo gumu kwetu kuliko kulima: "Hapana, baba mdogo."

Siku hizi tunavuka kwa daraja, lakini ujinga ule umevuka nasi. Huyu anameza vidonge na kumkwepa mshauri. Yule anashika ushauri na maombi, vidonge anatupa. Mnanichosha. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini wewe unayeanza tiba bado unasikia.

Basi fuata vyote viwili, vidonge na vikao, mwanangu, na dawa usiiache mpaka daktari aseme. Nanyi ndugu, msimpongeze mtu kwa mtego. Mungu akujalie nyumba ambayo ukisema hapana, wanakuletea uji.