Mkasi wa Baba na Mibuni Sita

Nilikuwa na miaka tisa, mwanangu, nilipoharibu mibuni sita ya baba yangu kwa asubuhi moja. Leo nikikumbuka nacheka, ila siku ile sikucheka.

Tuliishi Namswea, na baba alikuwa na mkasi wa kupogolea aliouchomeka juu kabisa, chini ya paa la jikoni. Kila alipokwenda shambani nilimfuata nikimwomba anifundishe. Jibu lake lilikuwa moja tu: "Utajikata." Basi Jumamosi moja, yeye na mama walipokwenda sokoni Mbinga, nikapindua kinu, nikapanda, nikauchukua.

Nilifanya kazi kwa bidii kweli. Machipukizi yalisimama wima, mabichi, yanapendeza macho, nikayaacha. Matawi ya pembeni yaliyoonekana kuchoka nikayakata yote. Sikujua kwamba hayo ndiyo yanayozaa.

Baba aliporudi na kuiona mibuni yake, alikata fimbo mtini akaja nayo uani. Bibi, mama yake mzazi, alikuwa hapo akipukuchua maharage. Akamuuliza bila kuinua kichwa, "Baba Imelda, mtoto huyu alikuomba mara ngapi umfundishe?"

"Mara nyingi, mama."

"Na wewe ulimwonyesha nini?"

Baba aliitazama ile fimbo.

"Basi fimbo hiyo mtagawana wawili. Anza wewe."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Baba alijikaza, akashindwa, na fimbo ikatupwa jikoni ikawa kuni.

Jumamosi iliyofuata alinipeleka shambani. Aliweka mkono wake juu ya wangu, akanionyesha tawi la kukata na mahali pa kuweka mkono wa kushoto. Hata hivyo nilijikata kidole. Nilipoona damu nikajua mafunzo yameishia hapo. Yeye akakiosha, akakifunga kitambaa, akasema, "Sasa umejua makali yalipo. Endelea."

Ile mibuni sita ilichukua misimu miwili kupona. Mimi nilipofika miaka kumi na minne, majirani walikuwa wanakuja kuniomba niwapogolee. Baba aliwaambia, "Mchukueni Imelda, mimi macho yamechoka." Macho yake hayakuwa na tatizo lolote.

Juzi, mwanangu, nilikuona ukimnyang'anya binti yako kisu cha kumenyea viazi. Sikulaumu, mzazi lazima aogope. Lakini mtoto mwenye hamu atasubiri utoke, na hapo atashika kisu bila mtu wa kumwelekeza. Mwite akae karibu nawe. Mpe kisu chenye makali, maana kile butu ndicho kinachoteleza. Mwonyeshe polepole, kisha ukae umtazame hata kama wewe ungemaliza haraka zaidi. Akijikata kidogo, mfunge na umwache aendelee.

Mungu ailinde mikono ya wanao, akupe subira ya kuwafundisha, na akujalie siku ya kukaa kitako wakikupikia wao.