Mzizi Mtamu wa Bibi

Juzi, kwenye duka moja la Thornton Heath, nilinusa tena ule mzizi mtamu wa Kichina. Nikamkumbuka Bibi, mama yake baba, aliyekuwa akiuchemsha kila siku kutuliza kikohozi, jikoni kukinukia peremende. Alasiri moja mama yangu, aliyekuwa nesi, alirudi kutoka kazini akaimwaga sufuria nzima kwenye sinki.

“Unamwaga dawa ya mkweo?” Bibi alifoka.

“Naimwaga, mama. Mzizi huu unapandisha presha, na yako iko juu tayari.”

Nilidhani mama hana adabu. Shangazi zangu wanasema hivyo mpaka leo. Na waseme! Bibi alimnunia mama hadi Idi, na Idi ikamkuta hai, bado amenuna.