Siku Mke Mwenza wa Mama Alipoteleza Stendini

Nilimwona mamangu akibeba jiwe la moto kwa mikono yake miwili.

Jiwe lilikuwa linafuka moshi. Alikimbia nalo uwanja mzima, na wala hakupiga kelele.

Kama unangoja hadithi ya majini, endelea na shughuli zako. Hapa hakuna jini. Hapa kuna gari kuukuu, pilau, na ndugu yangu Munir ambaye nusura tumzike siku ile ile tuliyomwombea Baba dua.

Naitwa Nadira. Nauza vitambaa mjini, na wanaonijua wanajua mdomo wangu hauna breki. Mtanivumilia.

Kwetu ni mtaa wa Jamhuri, zile nyumba za zamani zenye uwanja. Njia ya gari inateremka kidogo kutoka mlangoni hadi getini. Ukiwa na haraka hata huoni kama inateremka.

Baba alipofariki alituacha na gari lake. Lile gari limenizidi umri. Alikuja nalo kutoka Mombasa, na hewa ya bahari ilikuwa imeshalila bati la chini. Handibreki nayo ilikufa kitambo. Lakini Baba alilipenda, jamani! Jumapili nzima yuko chini yake. Mama akalipa jina: Mke Mwenza.

"Leo si umwambie Mke Mwenza akupikie," ndivyo alivyokuwa akimwambia Baba akichelewa kuja mezani.

Sasa, Jumapili hiyo tulikuwa na hitima ya Baba, mwaka tangu atutoke. Wageni wangefika alasiri. Na Munir, mtu mzima mwenye kazi nzuri ya kompyuta kule Kilimani, akaamka na wazo lake.

"Leo Mke Mwenza lazima atembee," akaniambia. "Propela inapiga kelele, naitoa naifunga poa. Wageni wakifika wasikie injini ya mzee ikinguruma. Hiyo pia ni dua, sista."

"Hiyo ni wazimu. Siku zote hizi, umeona ni leo?"

"Tulia basi. Nimeseti kila kitu."

Na ukweli usemwe, alikuwa ameseti vizuri. Mimi nilimshikia Baba tochi miaka mingi, kwa hivyo nikienda kukagua sichezi.

Pua ya gari ilitazama nyumba, mkia ukatazama geti. Mbele aliinua kwa jeki, kisha akaweka stendi mbili za chuma chini ya chasi, pale penye chuma kinene, si pale kwenye kutu. Akatoa tairi za mbele na kuzilaza chini ya gari, moja kila upande. Hiyo ilikuwa tabia ya Baba. Tairi ikitoka haikai kando bure, inaingia chini, ili gari likianguka liiangukie hiyo kwanza.

Akaliacha kwenye gia. Na kwa vile handibreki ilishakufa, akaweka jiwe nyuma ya kila tairi ya nyuma. Alikuwa na jiwe la tatu, akalifanya meza ya spana zake.

Akalitikisa gari kwa nguvu zake zote mbele yangu. Halikusogea.

"Umeridhika, Inspekta?"

Niliridhika. Nikarudi zangu jikoni kumenya vitunguu saumu.

Adhuhuri ikaingia. Munir akaoga, akavaa kanzu, akaenda msikitini. Mama akatoka uwanjani kuwasha moto wa kuni, maana ile sufuria ya wageni haitoshi kwenye gesi. Binamu yetu Nabiha akawa anamsaidia kukoleza.

Munir aliporudi alivua kanzu, akavaa ovaroli, akaingia chini ya gari moja kwa moja. Hakuzunguka nyuma. Alishatazama asubuhi, atazame tena ya nini?

Mimi nilikuwa natoka na sinia la ndimu.

Nikaona Mke Mwenza anatembea.

Ndani hakuna dereva, injini imezimwa. Gari linarudi nyuma polepole kuelekea getini, halina haraka hata kidogo. Zile stendi mbili zikalala upande kwa pamoja, na pua ya gari ikashuka kwa kishindo kilichotikisa madirisha.

Ndimu zikatawanyika kila mahali.

"Munir!"

Nikalikimbilia gari.

"Munir, nijibu!"

"Sista..." Sauti ndogo, ya kubanwa. "Siwezi pumua poa."

Nililala kifudifudi nikachungulia. Gari lilikuwa limeangukia tairi za Baba. Ndizo zilizomwachia Munir nafasi ya kuwa hai. Lakini chuma cha chini kilikuwa kimemlalia kifuani. Na tairi ya upande wangu, gari lilikuwa limeikalia ukingoni tu. Likirudi nyuma kidogo tena, litateleza, na hapo hakuna Munir.

Na lilikuwa linataka kurudi. Nililisikia likilia chini kwa chini.

Nikaelewa mara moja. Alikuwa amefungua propela, ile nguzo ndefu inayoshikanisha giaboksi na tairi za nyuma. Ikishatoka, gia haishiki kitu tena. Linabaki kushikwa na mawe peke yake.

Nikatazama nyuma ya tairi.

Hakuna mawe.

Wageni wa kwanza walikuwa wameshaingia getini, wanaume wa kanzu nyeupe, wanakimbia. Wakalizunguka gari mbele, mikono ikashika bampa.

"Tuinue sote! Bismillahi..."

"Msiguse!" nilipiga yowe hadi koo likaniuma. "Msiguse hilo gari!"

"Binti, ndugu yako anakufa!"

"Mkiinua litarudi nyuma na litamburuta! Nyuma hakuna kitu kimelishika!"

Mzee mmoja akanisukuma na kiwiko nimpishe. Wallahi nilimshika kanzu nikamrudisha. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na bado nilimshika.

Hapo ndipo jirani yetu Mungai alipopita kwenye pengo la ua. Ametoka kanisani, yuko na suti, mkononi ana jeki yake.

"Nadira ako sawa!" akanguruma. "Hakuna mtu anainua kitu! Nyinyi wawili, kujeni mzuie buti ya gari na mabega, simameni kando ya tairi, sio nyuma yake. Mawe kwanza. Mawe iko wapi?"

Nikakimbia. Uwanja ule, siku zote unajikwaa kwenye mawe, leo ulikuwa umefagiliwa kwa ajili ya wageni. Niligeuza ndoo, nikageuza vyungu vya maua, vyote plastiki. Nyuma yangu nilimsikia Munir akihesabu pumzi zake kwa kutaja jina la Mungu, na kila mara sauti inapungua.

Moshi ukaniingia machoni. Nikageuka.

Sufuria ya pilau ilikuwa imekaa juu ya mawe matatu. Mawe ya kukatwa, ya pembe nne. Moja lilikuwa bado na alama ya grisi ya spana.

"Mama! Hayo mawe! Ni ya gari!"

Mama alinitazama, akatazama sufuria, akatazama gari. Hakuuliza swali. Aliisukuma ile sufuria kwa mwiko na mguu, pilau ya watu wote ikamwagika mchangani. Akavuta leso yake kichwani, akalifunika jiwe, akalinyanyua na kukimbia.

Mimi nililibeba la pili kwa gunia. Leso ya Mama ilikuwa inanuka kuungua, na bado hakuliachia mpaka alipolifikisha.

Mungai aliyagandamiza yale mawe chini ya tairi kwa kisigino cha kiatu chake cha kanisani.

"Sasa," akasema.

Akaweka ubao chini ya jeki, akaanza kupandisha. Taratibu, jamani, hadi nikataka kumpiga. Kila gari likipanda kidogo anasimama, anatazama nyuma, anaendelea. Stendi zikarudishwa mahali pake kwanza, ndipo akatuambia tumvute Munir kwa miguu.

Alitoka akiwa rangi ya majivu. Akakohoa. Akamtazama Mungai.

"Uncle, suti yako..."

Mama akaketi chini pale pale na kuanza kulia.

Hospitali walisema mbavu zimepata ufa, Mungu amemsitiri. Mama naye akafungwa bandeji mikono yote miwili. Jioni tulirudi, na wageni walikuwa hawajaondoka. Kisomo kilisomwa kwa chai na mahamri ya kununua. Walikuja kumwombea Baba, wakajikuta wakimshukuru Mungu kwa ajili ya mwanawe.

Nami sasa, woga ulipotoka, hasira zikaingia.

"Nani?" nikauliza, mbele ya watu wote. "Nani mwenye akili zake anatoa mawe nyuma ya gari lililo juu ya stendi?"

Nilikuwa namkazia macho Nabiha, maana ndiye aliyekuwa motoni. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Akaanza kulia, anaapa hajui.

"Mwache mwana wa watu," Mama akasema. Akainua zile bandeji. "Ni mimi."

Nikamwacha Nabiha, nikamgeukia Mama.

"Nilikwenda nyuma ya nyumba kutaka mafiga yangu, sikuyaona. Kumbe yako kwa Mke Mwenza. Munir yuko msikitini, chini ya gari hakuna mtu. Nikayavuta. Gari halikusogea hata chembe. Nikasema, basi hayakuwa na kazi hapa."

Halikusogea kwa sababu wakati huo lilikuwa bado kwenye gia. Propela ilikuwa haijafunguliwa.

"Lakini Mama, kwa nini usimwambie?"

"Na mimi nani aliniambia?" Akanigeukia. "Ni mafiga yangu, Nadira. Babako aliniletea tulipohamia hapa. Mtu akiyachukua mafiga yake huwa anaomba ruhusa?"

Munir alijibu kutoka kwenye godoro lake, kwa shida.

"Nilichukua mimi. Asubuhi, ukisoma Kurani. Nilidhani ni mawe tu, Mama."

Mama akatazama dirishani, kule gari lilipo.

"Mke mwenza huyu," akasema. "Kwanza Jumapili zangu. Kisha mafiga yangu. Leo akataka na mwanangu."

Watu walicheka huku wanajifuta machozi, na mimi nikaenda kumpigia Nabiha magoti.

Siku hizi tuna kabari za mbao, mbili kubwa, zimepakwa rangi nyekundu. Hazikaliwi, hazizuii mlango, haziazimwi. Munir akitoka chini ya gari, hata kama ni kunywa maji tu, harudi kabla hajalizunguka lote. Na akiingia anapaza sauti, "Naingia!" na haingii mpaka ajibiwe kutoka ndani.

Wewe unayesoma hii na una gari la mzee wako uwanjani, sikia. Kununua stendi ni sawa, lakini hazitoshi. Kile kinachomzuilia mtu mauti kisiwe na kazi nyingine nyumbani, na kila aliye nyumbani akijue.

Jumapili iliyopita Munir alikuwa chini tena. Mama alikuwa ameketi kwenye kibao karibu na tairi ya nyuma, kiganja chake chenye kovu juu ya kabari. Sufuria ilikuwa motoni, na nilianza kusikia harufu.

"Mama, pilau inaungua."

Hakugeuza hata kichwa.

"Iungue."