Mwiko wa Resori

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Mi nilisoma chuo cha Kurani na miaka mitatu ya shule, basi, kwa hiyo msinitafutie makosa ya uandishi. Mtayakuta. Lakini karai nalijua, mwiko wake na upawa wake navijua, na kosa nililolifanya nalijua kuliko hivyo vyote. Wajukuu zangu wanasema siku hizi watu wanajifunzia kupika kwenye simu. Sawa. Simu itakuonyesha rangi ya chakula. Uzito wa chombo mkononi haitakuonyesha.

Karai ninalolisema ni lile la chuma chembamba, tumbo lake mviringo mpaka chini, halina sehemu ya kukaa sawa. Ukiliweka sakafuni linayumba. Linakalia pete ya chuma juu ya moto mkali, na ndani yake unakaanga wali uliolala, vitunguu, karoti, kabichi, dagaa wakavu tunaowaita ndagala, kila kitu kwa haraka, mkono haupumziki. Nililipata kwa Wachina waliokuwa wakitengeneza barabara. Kazi yao ilipokwisha mpishi wao aliuza vyombo vya jikoni, sisi wanawake tukaenda kuchagua. Mwiko na upawa wa karai hilo vilikuwa vimeshachukuliwa na mwanamke aliyenitangulia. Sikujali. Nilidhani mwiko wowote utafanya kazi.

Mume wangu ni fundi chuma hapa mtaani kwetu Buyenzi. Nilipofika na karai alilizungusha mikononi, akaligonga kwa ukucha, akalisikiliza.

"Chuma safi," akasema. "Na mwiko wake?"

"Umechukuliwa na mwingine."

"Usinunue. Nitakutengenezea mwiko utakaotuzika sisi wote."

Akautengeneza kwa resori, ile bapa ya chuma inayobeba uzito chini ya lori. Mafundi wetu wakitaka kitu kisichovunjika wanakwenda kwenye resori: visu, majembe, patasi, vyote hutoka huko. Upawa aliufua kwa bati nene, kina chake kama cha kuchotea maharage. Mipini ilikuwa chuma kitupu, basi akachukua mpira wa ndani wa gurudumu, akaukata vipande vyembamba, akavivuta na kuvizungusha mpaka mwisho, kama mafundi wanavyofunga mipini ya nyundo. Aliniletea Ijumaa baada ya sala, amevifunga kwenye gazeti, na majirani wakaona. Nilijisikia mke wa mtu.

Kesho yake nilivitumia, na siku ileile nilijua kwamba havifai.

Ukingo wa mwiko ule ulikuwa umenyooka kama rula. Ndani ya tumbo la mviringo, ukingo ulionyooka unagusa kwa pembe mbili tu, katikati panabaki nafasi, na wali unaokaa kwenye nafasi ile hauguswi na mtu. Unaungua. Pembe nazo zinakwangua chuma. Na ulikuwa mzito; kabla ya adhuhuri kiwiko changu kilikuwa kimekufa ganzi. Upawa shingo yake ilisimama wima, kwa hiyo kumwaga mafuta pembeni mwa karai ilinibidi niinue kiwiko juu kama mtu anayevuta maji kisimani. Na ule mpira, moto ukipanda, ulikuwa unalainika na kunuka.

Ningesema. Lakini mama yangu aliniozesha na neno moja: kitu alichokifua mume hakirudishwi kwenye karakana yake. Nami nililishika neno hilo kama aya. Zaidi ya hapo, niseme ukweli, nilikuwa nimeshawaambia wanawake wenzangu wote kwamba mi sinunui vyombo, natengenezewa.

Basi nikapika hivyo karibu na lango la bandari, miaka mingi, nawapikia wabebaji wa mizigo. Nao wana midomo.

"Nyanya, leo umetuwekea wali au makaa?"

"Asiyetaka apeleke sahani yake Kigoma."

"Sikiliza, sikiliza anavyokwangua! Huyu hapiki, huyu anatafuta dhahabu chini ya karai!"

"Nikiipata sitakupa, we mwenye mabega kama ubao wa kufulia."

Walicheka, nami nikacheka. Kila mmoja nilimjibu. Nikirudi nyumbani mume wangu ananiuliza, "Mwiko unasemaje?" Namjibu, "Alhamdulillahi." Nilijifunza kushika mpini kwa mwisho kabisa, nilijifunza kuuzungushia kitambaa chenye maji, nilijifunza kulala kwa bega la kushoto kwa sababu la kulia lilikuwa limeharibika. Mwili ulizoea. Hilo ndilo lililonidanganya, kwamba mimi nimezoea.

Bega lilipokataa kabisa, karai likashikwa na mjukuu wangu. Huyu ni mtoto wa binti yangu wa mwisho, nimemlea mwenyewe tangu anatambaa, msichana mwenye mikono midogo na akili ya kazi. Hakumaliza mwezi akaja kwangu.

"Nyanya, huu mwiko unaniumiza. Na mpira wa upawa unacheza. Sokoni kuna myepesi, ina mpini wa mbao."

Nikamwambia, "We mutoto, mikono yako ni ya pamba? Huo ametengeneza babu yako. Mi nimeushika kabla mama yako hajaota meno."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia. Nayaandika kama yalivyotoka ili msije mkasema sikuambiwa.

Siku yenyewe mashua ilikuwa imeshusha mizigo asubuhi, na watu walikuwa wengi wanasubiri kula, nami nimekaa kando kwenye kiti. Kuna namna ya kuanza karai: unachoma chuma mpaka kitoe moshi, unatia mafuta, unayazungusha, halafu unayachota na upawa unayatoa, unatia mengine mabichi. Ukifanya hivyo wali haugandi. Alikuwa anayachota yale ya kwanza, yaliyo moto kabisa. Mpira ukateleza kwenye mpini, wote pamoja, kama ganda la ndizi iliyochemshwa. Upawa ukapinduka. Mafuta yakamshukia mkono wa kulia, toka vidoleni mpaka kwenye kiwiko.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nyanya, apana kunigusa." Kiganjani mwake ule mpira ulikuwa umeganda, mweusi.

Wanawake wakaja mbio, mmoja na dawa ya meno, mwingine na yai, mwingine anasema unga. Niliwafukuza wote. Nikammwagia maji safi mpaka dumu likaisha, nikaomba la pili, na mmoja wa wale wabebaji waliokuwa wakinitania akaenda kutafuta gari bila kuambiwa.

Kule hospitalini muuguzi aliusafisha ule mkono, akaufunga. Akaniambia ngozi itarudi, lakini vidole visipofanyishwa kazi kila siku vitajikunja na kubaki hivyo.

"Ndio mkono wake wa kazi?" akauliza.

"Ndio."

"Basi asiuonee huruma. Na nyinyi msimwonee."

Niliporudi nyumbani mume wangu alikuwa amekaa mbele ya karakana na tupa mkononi. Ni mzee sasa, macho yamepungua, lakini bado ananoa. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yangu.

"Ameteleza?" akaniuliza.

Mlango wa uongo ulikuwa wazi. Ningesema ndiyo, ameteleza, watoto wa siku hizi hawana uangalifu, na yule msichana angebeba moto wangu na lawama juu yake, na asingesema kitu, kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha.

"Apana," nikasema. "Mpira ndio uliteleza. Na mi nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kesho yake uliponiletea. Mwiko mzito. Ukingo wake haukai ndani ya karai. Upawa shingo yake si ya karai. Mpira unalainika."

Akaweka tupa chini, polepole.

"Miaka yote hii nakuuliza mwiko unasemaje, unaniambia alhamdulillahi."

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Apana. Ulikuwa unanionea huruma. Ni mutu gani alikuambia mi nataka huruma? Fundi nikiambiwa kazi yangu mbaya narudia. Nisipoambiwa nitajuaje? Mi napika?"

Aliingia ndani akakaa kando ya mjukuu wake. Siku tatu hakunisemesha ila salamu. Kila asubuhi nilimsikia kule chumbani, anahesabu naye taratibu, "Fungua. Funga. Fungua tena," na msichana anavuta pumzi kwa meno.

Kitambaa kilipotolewa mkono ulikuwa na ngozi mpya, nyembamba, ya rangi nyingine. Vidole vilifunguka nusu. Mume wangu akasema, "Leteni karai." Akakata kipande cha katoni, akakiweka ndani ya lile tumbo, akakipunguza kwa mkasi kidogo kidogo, akakiweka tena, mpaka ukingo wa katoni ukalala kwenye chuma bila mwanga kupita katikati. Macho yake hayakutosha, akawa anapapasa kwa kidole. Kisha akasema, "Kazi ya asubuhi moja tu, hii, kama ningeambiwa."

Tukaenda sokoni sisi watatu, na ile katoni.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwiko wa karai uchagueni hivi. Uwekeni juu ya umbo la karai lenu; pembe zake ziwe zimezungushwa, na ukingo uwe mwembamba bila kuwa mkali, ili upite chini ya wali bila kuuponda. Kama mpini ni chuma, mwisho wake uingie ndani ya mbao. Plastiki iacheni, inaanza kuchuruzika kabla hujamaliza sahani ya tatu. Angalieni pale bapa linaposhikana na mpini: kama ni nukta mbili tu za kuchomelea, kusudere tunavyosema, rudisheni. Urefu upimeni toka kiganja mpaka karibu na kiwiko, ukiwa mfupi mvuke utawapika nyinyi. Upawa uwe na kina kidogo na mdomo mpana, na shingo yake ilale nyuma, ili mkono ukiwa umetulia upawa uwe tayari unatazama juu. Upawa wa karai haugawi mchuzi tu. Unapima mafuta, unamwaga pembeni, na kwa mgongo wake unavunja mabonge ya wali wakati mwiko unasukuma kutoka chini. Vinafanya kazi pamoja kama miguu miwili. Huwezi kuchagua mmoja wa leo na mwingine wa mwaka kesho.

Mume wangu alipinda kila mwiko pale mezani mpaka mwenye meza akalalamika.

"Mzee, unanunua au unavunja?"

"Nakusaidia kujua unachouza."

Akaokota mmoja, akauweka kwenye katoni, ukakaa. Akaugeuza. "Aliyetengeneza huu alikuwa na mutu wa kumwambia," akasema, hakunitazama.

Kisha akachukua mwingine, mnene, mzuri kwa macho ya fundi, akampa mjukuu. "Huu je?" Msichana akaupokea kwa mkono wa kulia, ule ambao vidole vyake vilikuwa havijafunguka vizuri. Akaujaribu kama anageuza wali. Niliona mdomo wake unajiandaa kusema ni mzuri. Nilikuwa naujua ule mdomo, ni wangu. Nikamwangalia usoni.

"Babu," akasema, "huu apana. Ni mzito."

Mume wangu akaurudisha mezani. "Haya. Chagua mwenyewe."

Alichagua ule wa kwanza, ambao katoni iliukubali. Upawa hatukupata uliofaa, mume wangu akaufua mwenyewe nyumbani, akamwita mjukuu aushike mara nne kabla hajaumaliza, na mara ya tatu msichana alimrudisha akaurekebishe shingo, naye akaenda. Mpini alitia mbao ya mjohoro, ikaingizwa msumari kutoka upande hadi upande.

Vidole vinne vimerudi. Cha mwisho kimebaki kimekunjwa, na kitakaa hivyo. Anapika kwenye lango la bandari siku tatu za wiki, zile nyingine mkono unapumzika. Wali wake ni mweupe. Wabebaji wamemwambia mimi nilikuwa nawalisha mkaa miaka yote, nami nipo hapo kwenye kiti nasikia, na nawaambia ni kweli.

Mume wangu aliponisamehe hakusema. Aliniuliza tu siku moja, akiwa anakula, kama chumvi imetosha, na akangoja jibu mpaka akalipata. Nikamwambia imezidi.

Ijumaa iliyofuata niliwaita wote baada ya chakula, wanangu, wake zao, wajukuu, na yeye mwenyewe amekaa palepale. Nikawaambia: "Kuanzia leo, katika nyumba hii, chombo kikikuumiza mkono utasema siku hiyohiyo, mbele ya aliyekupa, hata akiwa ni mimi, hata akiwa ni babu yenu. Atakayeambiwa asinune. Na atakayenyamaza kwa heshima, asikaribie moto wangu. Nendeni mkaoshe vyombo."