Taa ya Chumba cha Bibi Harusi

Kwa miaka kumi na tisa hakuna msichana wa Kinubi aliyeolewa pale mteremko wa Mulago bila kupita mbele ya kamera ya Hajati Kulusum. Wapo waliojaribu. Familia moja ilileta mpiga picha kutoka mjini, mtu mwenye kofia, na katika picha zote bibi harusi ametoka amefumba macho. Hajati Kulusum aliomba tu aonyeshwe zile picha, akazitazama moja moja mpaka ya mwisho, akashukuru kwa chai, akaenda zake.

Kamera yenyewe aliletewa na kaka yake Kasim kutoka Juba. Kasim aliinunua bila kujua kuitumia, na hakutaka watu wajue kwamba hajui, kwa hiyo akaigeuza zawadi. Kulusum alikuwa mjane wa mwaka mmoja. Marehemu Rajab, dereva wa lori, alikuwa amemwachia nyumba ya vyumba vitatu na jina zuri. Shule aliisoma miaka miwili tu, basi kitabu cha kamera hakikumpotezea muda. Alibonyeza kila kidude akaona kinafanya nini, na visivyofanya kitu akavisamehe. Chumba cha mbele akakifanya cha picha: shuka jeupe ukutani, kigoda, na dirisha linalotazama mashariki. Wanawake walikipenda kwa sababu hakuna mwanamume ndani, mtu anavua mtandio wake bila kugeuka kuangalia mlango. Dirisha ndilo lilikuwa taa. Mteja akija jioni huambiwa arudi asubuhi, hata kama asubuhi anasafiri.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka Hindu alipotaka kumwoza binti yake Nabilah.

Hindu ni jirani, nyumba ya tatu ukishuka, mwenye duka la vitambaa na msimamo kwa kila jambo. Alikuja akakaa, akaeleza kwamba safari hii hataki picha za barazani, za siku bibi harusi anapotoka. Anataka picha za siku za ndani. Dada zake wawili wako mbali, mmoja Uingereza, mmoja Arua amelazwa kwa sababu ya mguu, nao wamelia kwenye simu kwamba hawatamwona mtoto akiwekwa ndani. Picha ziwe za wanawake tu, ziende kwa wanawake tu.

Sasa, bibi harusi wa Kinubi akiwekwa ndani, anawekwa kweli. Siku saba pazia halifunguliwi. Kila siku anakalishwa juu ya moshi wa kuni zenye harufu, anasingwa mwili kwa manukato, anapakwa mafuta, mpaka ngozi inang'aa kama shaba iliyosuguliwa. Jua halimgusi. Dirisha ni kama halipo.

Kulusum alijibu kwamba atapiga. Hindu akamuuliza atapiga kwa mwanga gani. Kulusum akasema hilo ni lake. Hindu akasema sawa, lakini yeye ni mtu wa biashara, na pale Wandegeya kuna studio yenye taa sita na msichana wa kuzishika. Basi Jumatano Hajati aje apige picha moja. Uso wa Nabilah ukionekana vizuri, kazi yote ni yake. Usipoonekana, Alhamisi asubuhi studio inaitwa.

"Wewe ni mkubwa wangu, Hajati," alisema Hindu akiwa mlangoni. "Lakini mtoto anawekwa mara moja."

Kulusum hakulala vibaya usiku ule, kwa sababu yeye halali vibaya kwa ajili ya watu wadogo. Ila asubuhi alipozitazama picha za wale mabibi harusi ukutani, alikumbuka kwamba studio ikiingia nyumba moja, nyumba ya pili haitarudi. Angebaki kuwa bibi wa picha za pasipoti.

Akafanya hivi. Alioga, akajipaka mkono wa kushoto, toka kiganja mpaka kiwiko, mafuta yaleyale ya harusi, akashusha mkono wa gauni, akapanda bodaboda kwenda mjini na kamera kwenye kikapu.

Duka alilochagua lilikuwa la Nasser, kijana mpole mwenye ndevu zilizochanwa, anayeuza taa za wapiga picha na za wale wanaojirekodi kwa simu. Alimwita mama, akamletea kiti, akaanza kumsomea maneno ya kwenye maboksi. Hii wati sitini, ile wati mia moja na hamsini, hii ina rimoti. Kulusum alimsikiliza mpaka akachoka yeye Nasser. Kisha akapandisha mkono wa gauni, akauweka ule mkono unaong'aa juu ya kaunta.

"Washa zote," alisema. "Moja moja. Huo ndio uso wa bibi harusi."

Nasser aliutazama mkono, akamtazama mama, akawasha.

Ya kwanza ilikuwa taa ya duara, ile inayopendwa na wasichana. Kulusum aliupiga picha mkono wake, akaikuza kwenye kioo cha kamera. Katikati ya ngozi palikuwa na mviringo mweupe kama bangili. Akasema bangili anazo za kwake. Ya pili ilikuwa taa bapa ya bei ya chini kabisa. Hiyo iliufanya mkono kuwa wa kijani kama wa mgonjwa wa nyongo, na picha ikatoka na mistari myeusi kama mkeka. Nasser alikiri kwamba taa hiyo inapepesa, jicho halioni lakini kamera inaona. Kulusum akauliza kwa nini basi anaiuza kwa watu wenye kamera. Nasser akaipanga rafuni taratibu. Ya tatu ilikuwa flashi. Ilipolipuka, mteja aliyekuwa mlangoni alirudi nje, na mkono ukatoka na doa jeupe kama tako la sufuria mpya.

Ya nne ilikuwa taa ndogo nzito, mbele yake limefungwa boksi kubwa la kitambaa cheupe. Kulusum alipiga, akatazama. Akapiga tena. Mng'ao ulikuwepo, lakini ulikuwa umelala juu ya ngozi kwa upana, umetulia, na rangi ilikuwa rangi yake aliyozaliwa nayo. Nasser akapata nguvu. Akamwonyesha nambari kwenye karatasi, kwamba ukweli wa rangi katika taa hii ni tisini na tano kati ya mia. Kulusum akasema mkono umeshasema.

Shida ni kwamba taa, boksi lake na stendi yake vilizidi alichokuwa nacho mara mbili. Akauliza ndani ya boksi kuna nini. Nasser akasema hewa, mama. Hewa na kitambaa, na waya wa kukisimamisha. Kazi yake ni kuufanya mwanga mdogo uwe mkubwa, maana mwanga ukitoka mahali padogo unachoma, ukitoka mahali papana unapapasa.

"Kitambaa ninacho," alisema Kulusum. "Na hewa pia."

Akanunua taa peke yake. Nasser, ambaye kwa kweli alikuwa na moyo mzuri, alimsihi achukue angalau stendi, nyepesi, inakunjwa, inabebwa kwapani. Kulusum aliisukuma kwa kidole kimoja ikatikisika. Akasema kitu kinachotikisika kwa kidole cha mwanamke wa miaka sitini na tatu kitaanguka mbele ya watu. Nasser akaeleza kwamba wepesi ndio faida yake, unaisogeza unavyotaka. Kulusum akasema taa yake haitahitaji kusogezwa, ataiweka mahali pake na itakaa.

Toka hapo alikwenda Katwe, kwa fundi wa kuchomelea anayeitwa Oola. Alimwambia anataka mti wa chuma wa kushika taa, urefu kama mtu na nusu, usiotikisika. Oola aliuliza kama ni taa ya barabarani. Akaambiwa ni ya chumbani. Akauliza tena, labda chumba ni cha msikiti. Kulusum akamwambia afanye kazi yake. Oola akachukua rimu ya gurudumu la gari kuwa kitako, akachomelea bomba la maji juu yake, akalisukuma kwa mikono miwili. Halikutikisika. Taa ilikuwa nzito kama kuku. Mti ulikuwa mzito kama mtu aliyezimia.

Boksi alilishona mwenyewe nyumbani, shuka jeupe juu ya fremu ya waya. Aliupima mkono wake chini ya kitambaa kimoja, akaona mwanga bado mkali, akaongeza cha pili, ikawa sawasawa na dukani. Alijiona amemaliza.

Jumatano alasiri watu wawili wa bodaboda waliuburuta ule mti mpaka mlangoni kwa Hindu, wakaishia hapo, maana ndani haingii mwanamume. Wanawake wanne wakauingiza kwa kuuzungusha kama pipa. Ukakaa mbele ya kitanda, kati ya kabati na ukuta, na pale ulipokaa ndipo ulipotaka. Nabilah alikuwa amekaa kitandani ndani ya kanga mpya, hina mpaka viwiko, anang'aa, macho chini kama inavyotakiwa. Kando yake shangazi yake Ruqayya, mkubwa wa nyumba, alikuwa anakilisha chetezo udi, na chumba kilikuwa kimejaa harufu yake.

Kulusum alisimama karibu na taa yake, akapiga. Akatazama. Akafuta kioo cha kamera kwa ncha ya mtandio, akapiga tena.

Hindu alikuja akatazama juu ya bega lake. Alisema anaona mawingu.

Ilikuwa kweli. Mbele ya uso wa Nabilah palikuwa na ukungu mweupe kama chai iliyozidi maziwa, na nyuma ya ukungu kuna mtu, lakini angeweza kuwa mtu yeyote. Kulusum alikuwa ameupima mkono wake chini ya kila taa, na dukani kwa Nasser hapakuwa na udi. Mafuta aliyakumbuka. Moshi, ambao amekaa ndani yake tangu azaliwe, hakuukumbuka, maana hauonekani tena kwa mtu aliyeuzoea.

Mmoja wa wanawake akasema chetezo kitolewe kidogo. Ruqayya akasema udi wa bibi harusi hautolewi kabla ya magharibi, na Kulusum moyoni alikubaliana naye kabisa, angemshangaa kama angesema vingine. Mwingine akasema pazia lifunguliwe. Ruqayya akaongeza udi. Hindu akafungua simu yake, akaanza kutafuta namba ya studio.

Kulusum hakumtazama. Alitazama moshi. Mbele ya taa ulikuwa mweupe, unazunguka. Lakini kule pembeni mwa kitanda, ambako mwanga haukufika, hapakuwa na moshi hata kidogo. Na moshi ulikuwepo, pua yake ilimwambia upo. Kumbe moshi usiopigwa na taa ni kama haupo. Basi taa isipite mbele ya kamera. Iende ubavuni, karibu na mtoto, imwangaze yeye peke yake.

Aliushika ule mti kwa mikono miwili akausukuma. Oola alikuwa fundi mzuri. Hautikisiki.

Katika miaka kumi na tisa Hajati Kulusum hakuwahi kumwomba mtu yeyote msaada ndani ya nyumba ya harusi. Hata kamba ya kamera hafungiwi. Alifungua skrubu, akaishusha taa na boksi lake la shuka, akavipakata kifuani kama mtoto mchanga. Kamera na taa pamoja hakuwa na mikono ya kutosha kuvishika.

"Mama Nabilah," alisema. "Weka simu. Uje unisaidie kushika."

Hindu akaiweka simu juu ya kabati, akapanda kitandani, akaishika taa upande wa kushoto wa binti yake, karibu mpaka pindo la shuka likamgusa bega. Upande wa pili Kulusum akatundika kanga nyeupe ya Ruqayya, mwanga urudi. Akamwambia Hindu ainue. Zaidi. Arudi nyuma kidogo. Ainamishe. Hindu, ambaye hajaamrishwa na mtu tangu alipofiwa na mama yake, aliinua, akarudi, akainamisha. Toka pale alipokuwa, aliona shavu la Nabilah limewaka upande mmoja, kope zimelala, na ule mng'ao wa siku tano za moshi na mafuta. Alikuwa amemtazama kila siku tangu awekwe. Hakuwa amemwona.

Kulusum akapiga mara tatu, akawapa wanawake kamera.

Ruqayya alisema pua ni ya upande wao. Hindu aliishusha taa mapajani, akapokea kamera kwa mkono mmoja, akaitazama picha muda mrefu bila kupepesa. Kisha akasugua kiwiko chake.

"Mkono umekufa ganzi," alisema. "Kesho atashika mwingine. Mimi nitakaa pale mbele nimwangalie."

"Kesho saa ngapi?" aliuliza Kulusum.

"Baada ya kusingwa."

"Basi atakayeshika aje amenawa," alisema Kulusum, akaanza kulifunga shuka la taa. "Mafuta hayatoki kwenye kitambaa hiki."