Fundi Akipenda na Kitanda cha Mama

Kama kumcha Mungu kungepimwa kwa mdomo, seremala huyu angekuwa ameshapaa mbinguni zamani na randa yake mkononi. Jina alilopewa na wazazi wake watu walikuwa wameshalisahau. Mtaa mzima ulimwita Fundi Akipenda, kwa sababu hakuna ahadi iliyotoka kinywani mwake bila Mungu kutajwa ndani yake. Kabati litakuwa tayari lini, fundi? Jumamosi, Mungu akipenda. Jumamosi ikifika kabati bado lilikuwa mbao, zimeegemea ukuta zikila vumbi, na fundi aliinua macho juu, akashusha pumzi ya mtu aliyeonewa, akasema, "Hakupenda."

Utabishana naye vipi hapo? Ukigombana na seremala, umegombana na seremala, yamekwisha. Lakini ukigombana na seremala aliyejificha nyuma ya Mwenyezi Mungu, unaondoka wewe ndiye mkosaji. Wateja wengine waliishia kuomba radhi kwa kuuliza.

Tumtendee haki kidogo. Hakuwa mwizi, wala hakuwa mvivu kama watu wanavyouelewa uvivu. Mkono wake ulikuwa mzuri. Droo zake zilifunguka kwa kidole kimoja, na meza zake hazikuhitaji kuwekewa karatasi chini ya mguu. Tatizo lake ni kwamba hakuweza kumwambia mtu "hapana". Neno hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kila aliyeingia bandani na kazi alipewa siku yake, na siku za wiki ni saba tu, kama alivyozipanga huyohuyo aliyekuwa akisingiziwa. Ahadi zilipozidi siku, fundi akagundua kwamba mzigo ukikushinda unaweza kumtwika mwingine mwenye mabega mapana, hasa kama huyo mwingine hana tabia ya kuja dukani kulalamika.

Juu ya mlango wa banda lake la mabati alikuwa amepaka kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu: MCHE MUNGU UPATE HEKIMA NA BARAKA. Mtu wa kupima mbao kutwa, maneno hakuyapima. MCHE MUNGU ilikuwa na herufi kubwa kama ndoo, HEKIMA ikapungua, na BARAKA ilipofika ubao ulikuwa umekwisha, ikabidi ijikunje pembeni kama mgeni aliyekosa pa kukaa. Wateja walipata muda mrefu wa kukisoma kibao hicho, kwa kuwa walisimama pale sana.

Mkewe alikuwa dobi. Alipiga pasi nguo za watu ukumbini kwao, na maneno yake yalinyooka kama makunjo ya suruali zake.

"Mume wangu," alimwambia siku moja, "wewe unamtaja Mungu kama mtu anavyomtaja shemeji aliye safarini. Kila lawama kwake, maana hayupo kuulizwa."

"Chunga ulimi, mke wangu. Jina la Mungu hilo."

"Najua. Ndiyo maana mimi nalichunga."

Fundi alitikisa kichwa kwa huruma. Alimwona mkewe ni mtu mwema ila imani yake changa.

Sasa, fundi alikuwa na mama. Mama huyu mjane aliishi chumba kimoja mtaa wa pili, na chumbani mwake kulikuwa na kitanda kikuukuu cha mbao ngumu. Siku moja ubao wa ubavuni ukapasuka pale skrubu inapoingia, chaga za kubebea godoro zikamwagika chini, na mama akabaki kulala kwenye godoro juu ya sakafu ya saruji, na magoti yake yale mabovu. Mtoto wake akaja, akapiga goti, akauminya ubao kwa kidole gumba, akacheka kwa upole.

"Kazi ya saa moja hii, mama. Kesho nakuja na vifaa, Mungu akipenda."

Kesho yake alikuja mtu wa makochi. Kesho kutwa yake alikuja mtu wa milango. Wiki iliyofuata fundi alipita kumjulia mama hali, akakikuta kitanda kimeegemezwa ukutani, akasema wiki hii haiishi, Mungu akipenda. Wiki ikaisha. Mvua zikaja zikakatika, ubaridi wa sakafu ukapanda hadi kiunoni kwa mama, na kila alipoulizwa, fundi alikuwa na jibu lilelile, limepigwa msasa hadi linang'aa. Wanasema kinyozi hajinyoi. Sawa, lakini hata kinyozi humnyoa mama yake.

Mama hakulalamika hata mara moja. Fundi aliona hiyo ni subira, akamsifu mbele ya watu.

Kisha zikaanza kumfikia habari za ajabu. Mama yake amemrudishia jirani chekecheo aliloazima zamani, jirani mwenyewe ameshalisahau na ameshanunua jingine. Mama yake amemwendea muuza mkaa kumwomba radhi kwamba kuna siku alimsengenya, wakati muuza mkaa hakujua kama alisengenywa, na sasa amejua. Mama yake amekiri kwa mama mwenye nyumba kwamba sufuria lake lilipoungua siku ile, yeye moyoni alifurahi.

"Mama yangu ni mcha Mungu sana," fundi aliwaambia wateja, akipuliza vumbi la mbao kwenye patasi. "Nami nimerithi kwake."

Siku hiyohiyo, kabla vumbi halijatua, shangazi yake akaingia bandani. Huyu alikuwa dada wa marehemu baba yake, mwanamke mrefu mwenye ulimi usio na breki, na tangu siku ya mazishi ya baba hakuwa na salamu na mama. Siku hiyo mama, kwa uchungu wake, alisema mbele za watu kwamba wifi yake analia kwa sauti huku macho makavu. Neno lilikuwa dogo, kinyongo kikawa kikubwa. Shangazi akakaa kwenye kochi ambalo halijamalizwa.

"Usikalie hilo, Shangazi, gundi haijakauka."

"Itakauka, Mungu akipenda," alisema Shangazi, wala hakuinuka. "Niambie kweli. Mama yako anakufa?"

"Hapana, Shangazi. Mzima kabisa."

"Basi ana nini? Jana kaja kwangu kwa miguu, anachechemea. Tangu tumzike kaka yangu hajakanyaga kizingiti changu. Nilipomwona mlangoni nikajua tu kuna msiba. Kumbe kaja kuniomba msamaha kwa lile neno la mazishini."

"Jambo jema hilo, Shangazi. Mungu ni mwema."

"Ngoja kwanza, usimshukuru haraka. Nikamuuliza, wifi, kwa nini leo? Akaniambia Mungu kamkasirikia. Nikamuuliza kajuaje." Shangazi alijifuta jicho kwa pindo la khanga, na safari hii jicho halikuwa kavu. "Akasema mwanawe ni fundi hodari, na mwanawe anampenda. Na kila wiki mwanawe anasema atakuja kutengeneza kitanda, Mungu akipenda. Na kitanda mpaka leo kiko ukutani. Kwa hiyo Mungu hapendi. Anazunguka kutafuta alimkosea wapi."

Fundi aliiweka patasi chini.

"Kawaomba radhi majirani wote, kila akirudi anakitazama kitanda. Mimi nilikuwa wa mwisho. Akaniambia, wifi, kama hata hili silo, basi sijui tena. Nitalala chini mpaka nife, siwezi kushindana naye." Shangazi akanyanyua macho hadi juu ya mlango. "Mimi si msomi wa dini, mwana wa kaka. Nieleze wewe mwenye kibao. Mungu hapendi nini hasa? Chaga?"

Ninyi wasomaji, na mimi, na kila mteja aliyewahi kusimama pale, tulijua "Mungu akipenda" ya fundi huyu maana yake ni "usinisubiri". Mtu mmoja tu duniani aliichukua kama ilivyosemwa. Mama hakuwahi kulitaja jina lile ovyo, hivyo hakudhani kuna mtu anaweza kulitaja ovyo, sembuse aliyemzaa mwenyewe. Hesabu yake haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika alichopewa akihesabu.

Fundi aliona aibu, aibu ya kweli. Alikusanya nyundo, msumeno, bisibisi na kipande cha mbao kavu alichokuwa amemwekea mtu mwingine, akatoka. Mlangoni alipishana na mama mmoja, mteja wa siku nyingi, anayesubiri kabati.

"Fundi, kabati langu je?"

"Kesho, Mungu..." alianza kwa mazoea, na maneno yakamkauka mdomoni. Akampita bila kumaliza. Yule mama alibaki ameduwaa, kwani tangu amfahamu fundi hakuwahi kumsikia akikosa jibu.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye godoro, ungo mapajani, akichambua mchele. Alimwona mtoto wake mlangoni, akaviona vifaa mkononi. Uso wote ukamfunguka.

"Amependa?" aliuliza.

Fundi aliingia. Alipiga magoti akafanya kazi. Alitoa ubao uliopasuka, akapima mpya, akakata, akakaza skrubu, akapanga chaga moja moja. Hata saa moja haikufika. Hilo nalo lilimchoma, maana afadhali kazi ingekuwa ngumu. Mama alikalia kitanda, akakipapasa kama anayempapasa mtoto aliyerudi salama, machozi yakimtoka.

"Kumbe ilikuwa ni wifi yangu," alisema. "Nilikuwa naipita kando tu dhambi hiyo. Ahsante Mungu, umenisamehe."

Hapa ndipo mwongo hodari huaga akaenda zake. Hebu tazama lilivyokuwa jepesi: mama ana furaha, mawifi wamepatana, kitanda kimesimama, na Mungu kapewa shukrani zake. Nani angeumia? Fundi alikwisha kutia nyundo mfukoni. Alikwisha kufika mlangoni. Ila akamwona mama amefumba macho, anamshukuru Mungu aliyemlaza chini kwa neno moja la msibani, na akaelewa kwamba akiondoka sasa, mama atakufa akiamini Mungu wake ana kinyongo kama cha binadamu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kumtaja Mungu, fundi alimwogopa.

"Mama," alisema, "Mungu hakuwa na neno na wewe. Alipenda tangu siku ile ya kwanza. Mimi ndiye sikupenda."

Mama akafumbua macho.

"Hukupenda?"

"Nilipenda kazi za watu. Yako niliiona itasubiri."

"Kwa hiyo nililala chini kwa amri yako."

"Ndiyo, mama."

"Ukaniambia ni yake."

Fundi aliinamisha kichwa. Mama alirudi kwenye ungo wake, akatoa kijiwe, akakitupa nje, akatoa kingine.

"Nimeomba msamaha mpaka kwa makosa ambayo sikumbuki kama niliyafanya," mama alisema mwisho. "Nilidhani ni yangu. Kumbe yalikuwa yako."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimekusamehe, wewe ni mwanangu, ningefanyaje? Na wifi yangu simrudishi, huyo nimeshampata." Alitikisa ungo. "Lakini uliyemsingizia si mimi. Kaongee naye mwenyewe. Na lile neno, mwanangu, sisi tulifundishwa kulisema mtu akiwa ameshafunga mzigo na kuvaa viatu. Umemaliza yako yote, limebaki lile lisilo lako. Hapo ndipo unamtaja. Wewe ulimtaja ukiwa umekaa."

Fundi alirudi bandani akamkuta yule mama wa kabati amekaa kwenye kochi lilelile ambalo Shangazi alikuwa ameliacha na joto.

"Haya, fundi. Kesho?"

"Kesho hapana," alisema, na neno likamtoka na jasho. "Wala wiki hii. Kuna watu wawili mbele yako. Alhamisi ijayo naleta mwenyewe."

Yule mama alimtazama kama aliyetukanwa. Alizoea kudanganywa kwa heshima. Alitoka akaueleza mtaa kwamba fundi siku hizi ana kiburi, anamjibu mtu mkavu, na Mungu hamtaji tena. Habari zikaenea. Watu wakasikitika sana kwamba mtu aliyekuwa mcha Mungu kiasi kile imani imemtoka ghafla, na mmoja akaahidi kumwombea. Mkewe aliyasikia hayo akipiga pasi, akacheka mpaka akaunguza kola ya shati la mtu.

Baraka? Zilikuja, ila hazikuja na matarumbeta. Wateja wengine walihama. Waliobaki waliacha kuja kumkagua, kwa hiyo alipata muda wa kufanya kazi. Alasiri, akipita mtaa wa pili, aliwasikia mama na Shangazi wamekaa juu ya kitanda wakibishana nani kati yao alilia zaidi mazishini. Kitanda hakikulia hata kidogo.

Alhamisi ilipofika, fundi aliliinua kabati pamoja na msukuma mkokoteni, wakalifunga kamba kwa mafundo mawili, wakalifunika turubai. Alikaza viatu. Kisha akatazama juu. Wingu zito lilikuwa limesimama upande wanakokwenda, na barabara ile ina shimo baya kwenye kona. Alikagua kamba tena. Hakukuwa na kitu kingine cha kukaza.

"Tutafika kweli, fundi?" msukuma mkokoteni aliuliza.

Neno lile la zamani likamjia lenyewe. Alilisema taratibu, kwa sauti ndogo, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoizoea, kisha akashika mkokoteni wakaanza kusukuma.