Unataka kununua shamba la mitiki Rufiji? Soma kwanza habari ya mikorosho ya Bi Tausi

Wakuu, salaam zenu.

Humu mimi ni msomaji zaidi. Kuandika kunanichosha, na shule yenyewe niliishia darasa la saba, kwa hiyo mkiona pamepinda nyoosheni wenyewe.

Kuna kijana kaweka uzi anauliza kama anunue ardhi ya kupanda miti ya mbao huku kwetu Rufiji au Kibiti, aiache ikae, iwe investment ya uzeeni. Nimesoma majibu yote. Watu wamemjibu kwa calculator. Ekari mara miti, miti mara bei, tajiri.

Hakuna hata mmoja aliyemuuliza, hapo unapotaka kununua, nani analima sasa hivi?

Ninayoandika hapa yamenipata mimi, sikuhadithiwa. Majina nayataja. Anayejijua yumo na aje abishe, mimi nipo.

Mimi ni mtu wa Bungu. Ujana wangu wote nilikuwa mpasua mbao, ule msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini anakula unga wa mbao. Mninga, mkongo, mvule, nimepasua mpaka harufu zake nazijua gizani.

Kisha siku moja milima ya Matumbi gogo la mkongo likateleza likanilalia mguu. Sikufa. Ila toka hapo natembea kama mtu anayetafuta kitu chini.

Mpasua mbao asiye na mguu hana kazi, wakuu. Nikakaa nyumbani nikiwaza. Nikasema, miti nimeikata maisha yangu yote kwa faida ya wengine, sasa nipande yangu inilee.

Nikauza kiwanja changu cha barabarani. Mama watoto aliniuliza swali moja tu, "Unauza penye lami ununue pori?" Nikamwambia hajui biashara. Sina la kuongeza hapo.

Shamba nililipata ndani kutoka Nyamwage. Unaacha lami, unaingia na bodaboda mpaka mchanga unamshinda dereva, unamalizia kwa mguu. Kitongoji sikitaji, wenyeji wake wengi ni watu wema.

Aliyeniuzia namtaja. Ni Athumani, wenyewe wanamwita Tumani Bomba, kwa sababu msimu wa korosho ukifika anazunguka na bomba lake mgongoni akipulizia dawa mikorosho ya watu. Mlishike hilo. Huyu bwana mkorosho anaujua kuliko anavyowajua wanawe.

Manunuzi yalikwenda vizuri. Ofisi ya kijiji tulipita, majirani waliitwa, mipaka tulitembea yote, mimi nikichechemea nyuma. Kwa hiyo wale wa "hakikisha documents", zangu zilikuwa safi na mpaka leo ni safi. Mambo hayakuharibikia kwenye karatasi.

Yaliharibikia siku ileile ya mipaka, tukiwa tumesimama shambani.

Katikati ya shamba tulimkuta bibi mmoja anapalilia ufuta. Athumani akasema huyu ni Bi Tausi, shangazi yake, dada wa baba yake. Mume alishafariki, watoto aliwazika wote, na alikuwa akilima kipande hicho miaka na miaka. Akaniomba mbele ya watu, bibi aendelee na ufuta wake humohumo katikati ya mistari ya mitiki.

Mimi nikaona neema. Mitiki michanga inataka palizi, na bibi akipalilia ufuta wake kapalilia na mitiki yangu. Kiangazi moto ukija haukuti nyasi za kula.

Sasa wageni wa huku niwaeleze. Kwetu mti una mwenyewe. Unaweza ukawa na ardhi yako, ndani yake ukasimama mwembe wa fulani na mkorosho wa fulani, na kila mwaka mwenye mti anakuja kuvuna chake na humgusi. Ndiyo maana mtu akimwachia mwenzake sehemu ya kulima, lazima atamke palepale kwa mdomo wake, panda vya msimu tu, mti usiweke. Akikaa kimya, karuhusu.

Mimi hilo nimezaliwa nalo. Na pale shambani kila mtu alikuwa ananitazama, ananisubiri niseme.

Ila Bi Tausi alikuwa ameshaacha jembe. Kaenda kivulini, karudi na sufuria la muhogo wa kuchemsha, kafuta mikono kwenye kanga, anatukaribisha sisi tuliokuja kununua ardhi iliyo chini ya miguu yake. Mtu mzima, sawa na mama yangu. Nianzie wapi kumwambia, wewe bibi, mti usipande? Ingekuwa kama namwambia nakuona mwizi.

Nikaona haya. Nikasema, "Bi mkubwa, hapa kwenu. Lima kama zamani."

Watu wakaitikia hewala. Athumani akaitikia kwa sauti kuliko wote.

Miaka ya mwanzo sina lawama. Mitiki ilitoka vizuri, majani makubwa kama sinia. Bi Tausi akivuna ufuta ananitumia kifurushi Bungu. Mimi nilikuwa naogopa moto na mifugo, ndivyo kila mtu alivyonitisha navyo. Kumbe nilikuwa natazama huku na jambo linapita kule.

Mguu ukarudi kunisumbua. Mfupa ulikuwa umeunga vibaya, ikabidi nihamie Mbagala kwa binti yangu ili niwe karibu na hospitali. Nikajua nakwenda kwa muda mfupi. Msimu ukapita, ukaja mwingine, mimi bado na magongo.

Shamba nilimwachia shemeji yangu Rajabu, ndugu wa mke wangu. Naye namtaja. Kila nikimpigia ananijibu, "Shem, mitiki inapanda tu, tulia uuguze mguu." Picha alikuwa anatuma. Ila wakuu, picha zake zote alikuwa anapiga kwa juu. Majani na mbingu. Mimi nafurahi, namwonesha binti, tazama utajiri huo.

Chini sikuoneshwa.

Nilipopata nafuu nikapanda gari mpaka Nyamwage, nikachukua bodaboda. Nikaingia shambani peke yangu. Mitiki ilikuwa imenipita kichwa mbali sana. Na katikati, kila mstari, mikorosho. Mingine inanifika begani, mingine imeshaanza kutoa maua. Imenyooka, imepangwa kwa kamba.

Nikakaa chini. Mguu ulikuwa unauma na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Bi Tausi hajawahi kupanda kitu kwa kamba. Ufuta wake anautupa kwa mkono huku anaimba. Mtu wa kupanda mikorosho kwa kamba namjua.

Nikaanza na Rajabu. Akasema mashimo kweli alichimba yeye, ila alipewa kibarua na Athumani, na alidhani tumeelewana. "Sasa Shem, mimi nikatae kazi? Na wewe uko Mbagala?" Ndugu wa mke huyo, nakula naye sahani moja.

Nikamfuata Athumani kwake. Nimemkuta anaosha bomba lake. Hakunyanyuka. Akanikaribisha kiti, akaniuliza habari za mguu, zote za kiungwana. Nikamwambia, Athumani, umepanda mikorosho kwenye shamba ulilokwisha niuzia.

Akasema, "Mimi? Mimi nimemletea shangazi miche tu, nikamsaidia. Kapanda mwenyewe."

Nikasema nilimruhusu ufuta.

"Bwana Mshamu, ulimwambia hapa kwao. Tulikuwepo wote. Mtu kwao hupanda nini, mchicha?"

Wanawe waliokuwa karibu wakacheka. Na maneno yalikuwa yangu kweli.

Nikalipeleka kwa wazee wa baraza. Niwe mkweli, hawakunionea. Waliniuliza swali moja. Ulimkataza? Nikasema sikumkataza. Basi ikaisha. Ardhi ya Mshamu, mitiki ya Mshamu, mikorosho ya Bi Tausi. Asiongeze mwingine, na mimi nisikate hata mmoja. Nikitaka itoke nimlipe fidia. Fidia aliyoitaja Athumani kwa niaba ya shangazi yake ilikuwa ya kununulia shamba lingine.

Kuikata kwa nguvu msinishauri. Huku ukikata mkorosho wa mtu, ukoo mzima unakuwa adui yako, na mitiki yako kiangazi inawaka moto usiojulikana aliyewasha.

Pale barazani Bi Tausi alikuwa kakaa kwenye mkeka pembeni, kajifunga kanga. Tulipokuwa tunatoka akanishika mkono.

"Mwanangu, si ungenikataza tu?" akasema. "Mimi nimekatazwa na watu maisha yangu yote. Nimewahi kuumia?"

Nimerudi na maneno hayo Bungu, na mpaka leo yananiamsha. Kumbe ile haya yangu yote ilikuwa ya nini? Mwenyewe asingejali. Aliyeitumia ni yule aliyeitikia hewala kwa sauti.

Sasa mnielewe vizuri pale shida ilipo. Mkorosho unatanua matawi, mtiki unataka jua. Mpaka sasa inavumiliana kwa sababu Bi Tausi ni mtu wa maana. Nikimwomba apunguze tawi linalobana mitiki, anapunguza. Hana tamaa yoyote. Korosho zake anauza kidogo, nyingine anakaanga na kugawa.

Lakini Bi Tausi ni mzee. Na hana mtoto. Siku Mungu akimchukua, mikorosho inarithiwa. Mrithi wake ni nani? Mtoto wa kaka yake. Athumani.

Hapo ndipo nilipokuja kuona mchezo mzima, tena nimechelewa. Yule bwana aliniuzia shamba, akala hela, na akajiwekea mlango wa kurudia. Atarudi na bomba lake mgongoni, ataingia shambani kwangu wakati wowote akitaka, kihalali, na tawi la mkorosho hatapunguza hata moja. Atakaa hapo mpaka nichoke nimwachie na mitiki yenyewe.

Na mitiki haijaiva. Ukiikata leo ni mapau ya kuezekea, basi. Inataka miaka mingine mingi.

Kijana uliyeuliza, sikukatazi kununua. Mtiki ni mti mzuri, haujanidanganya hata siku moja. Ila ukifika shambani achana kwanza na udongo na hesabu za bei. Tafuta jembe la nani limelala hapo. Ukimkuta mtu, la kumkataza mkataze siku hiyohiyo, mbele ya watu, hata kama kakuletea muhogo. Kula muhogo wake, kisha mkataze. Usimwachie shemeji. Na ukitumiwa picha, mwambie apige na chini.

Kama huwezi kumkatalia mtu mzima usoni, weka hela zako pengine. Mti wa miaka mingi haufai kwa mtu mwenye haya.

Wenye mashamba ya miti semeni yenu, na mnaojua sheria niambieni kama kuna njia ambayo sijaiona. Mnaotaka kunicheka pia ruksa, nimeshazoea.

Mimi siku hizi kazi yangu kubwa ni kumjulia hali Bi Tausi. Namtumia dawa za presha kutoka Kibiti. Mvua ikinyesha napiga simu kuuliza kama paa linavuja. Majirani zake wananisifu, wanasema huyo bwana wa Bungu ana utu, kanyang'anywa na bado anamtunza bibi. Sifa napokea. Nadhani bibi mwenyewe anajua kwa nini namtunza.

Juzi nimempigia, sauti ilikuwa imefifia, kifua kilikuwa kinambana. Nikamwuliza kama kala, akasema kala uji. 

Kisha akaniuliza, "Mshamu, hiyo mitiki yako imefikia wapi?"

Nikamwambia bado, bi mkubwa. Bado sana.

Akakohoa. "Haya," akasema. "Basi na mimi ntajikaza."